Tulikuwa Tumeipa Nyumba Mgongo

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: kama lilivyo kwenye kitambulisho, mtaani huitwa Dada Pasi
Umri: miaka 44
Kazi: dobi
Makazi: nyumbani kwa mama yake mzazi, nyuma ya soko
Uhusiano na mshtakiwa: dada yake wa tumbo moja

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nina akili timamu na nimekuja kwa miguu yangu, sikuitwa. Nimekuja kwa sababu kwenye kitabu chenu cha matukio mmeandika kwamba mdogo wangu amekamatwa akitoroka. Si kweli. Afande amenieleza kwamba neno hilo likifika kwa hakimu kesho, mdogo wangu atawekwa rumande. Ila ikionekana alikuwa anakuja mwenyewe, huenda akafutiwa hati ya kukamatwa na kurudi nyumbani. Kwa hiyo naomba niandikiwe polepole.

Mdogo wangu tunamwita Kipaza, maana tangu utotoni hajui kunong'ona. Miaka kumi na saba iliyopita alibishana na mlinzi wa soko kuhusu mahali pa kuweka mkokoteni wake wa mizigo. Akamsukuma, kofia ya mlinzi ikaangukia kwenye dimbwi. Kesi yenyewe ndiyo hiyo, kofia na tope. Alishtakiwa kwa kufanya fujo hadharani, akaachiwa kwa dhamana na kuambiwa afike mahakamani Jumanne. Siku hiyo shati lake nililipiga pasi mimi mwenyewe. Alifika mpaka getini, watu wakamtisha kwamba hakimu wa siku hiyo hana simile, naye akala kona. Hakimu akatoa hati akamatwe. Jioni askari wawili walipobisha hodi kwetu, Kipaza alikuwa ameshapanda basi. Yule mlinzi alisamehe zamani. Hadi leo ananiletea shuka zake nimfulie.

Mama yetu ana miaka sabini na sita na sikio moja halisikii. Kila Ijumaa Kipaza humpigia simu, na mama haachi kumuuliza, "Unakuja lini, baba?" Naye hujibu, "Mambo yakikaa sawa, mama." Simu ikikatika mama hubaki nayo mapajani mpaka taa yake izime. Mimi pia nina hamu naye. Nyumba imekuwa kimya mno, hata kikombe kikigonga sahani nashtuka.

Mwezi uliopita mume wangu, ambaye hakuna jambo asilolijua, alimwambia kwenye simu, "Shemeji, kesi ndogo ikipita miaka kadhaa inakufa yenyewe. Rudi zako." Kipaza akaamini, kwa sababu alitaka kuamini. Mama naye akaanza kuamka alfajiri na kuketi mlangoni.

Mnamo tarehe 13 mwezi huu, Kipaza akiwa tayari yuko njiani, roho haikunitulia, nikaenda mahakamani kuuliza. Karani alinieleza kwa upole. Ule muda wa ukomo, alisema, ni wa kufungua kesi ndogo; ukipita bila mtu kushtakiwa, basi tena. Lakini Kipaza alishtakiwa wiki ileile. Kesi ikishafunguliwa muda huo hauna kazi, na hati haichachi kama maziwa. Inakaa mpaka mtu akamatwe au hakimu aifute. Nikamuuliza, je, angefika ile Jumanne? Akasema, "Kwa kosa hilo? Onyo, au kufagia uwanja wetu siku mbili tatu." Nilitoka nikakaa kwenye ngazi. Miaka kumi na saba kwa kukimbia ufagio.

Simu ya Kipaza haikupatikana. Leo, tarehe 14, saa tatu asubuhi, nilimpokea kituo cha mabasi. Ameota mvi, ana begi moja. Nilimkumbatia, kisha nikamweleza yote. Akakaa juu ya begi lake, na kwa mara ya kwanza maishani nikamsikia akinong'ona: "Kwa hiyo sijarudi bado."

Nikamwambia, "Twende tu nyumbani. Lala kwa mama leo, ya kesho tutayajua kesho." Sikufichi, afande, nilitaka hivyo kuliko kitu chochote. Akakataa. Akasema, "Dada, wakija kunitoa pale na pingu, mama atabaki na picha hiyo. Nipeleke polisi kwanza. Nikilala kwake nataka nilale bila kusikiliza mlango."

Tukashika njia ya huku. Karibu na duka la viatu, askari wa doria waliomba kitambulisho, wakakuta jina lake linatafutwa, wakamtia pingu. Kipaza akasema, "Nilikuwa nakuja kwenu." Mmoja akacheka, "Wote husema hivyo."

Afande, wewe unapita pale kila siku. Ukitoka kituo cha mabasi ukafika njia panda, kushoto ni sokoni na kwetu. Kulia ni huku. Walitukuta tumeshakata kulia, tumeipa nyumba mgongo. Mtu mwenye hamu ya mama yake namna ile angepinda kushoto hata akiwa amefumba macho. Muulizeni muuza viatu. Kipaza alimuuliza kituo cha polisi kiko wapi siku hizi, kwa sauti ya mtaa mzima, ingawa mimi nilikuwa pembeni yake na nakijua.

Niliyoyaona na kuyasikia ni hayo, na hakuna aliyenituma kuyasema. Nina ombi moja, nalo liandikwe. Mama bado ameketi mlangoni. Nikimwambia, atakuja tu, hata kwa kutambaa. Akija, asimwone mwanawe na pingu.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi)

Maelezo ya ofisa mwandishi: Nimeyaandika haya mwenyewe, nikamsomea shahidi, akakubali. Nimemhoji muuza viatu; anathibitisha kuulizwa njia ya kuja kituoni, na anasema sauti ile haisahauliki. Neno "akitoroka" nimelikata kwa mstari mmoja na kuandika "akija kujisalimisha". Mshtakiwa atafikishwa kwa hakimu kesho asubuhi kuomba hati ifutwe.

Saa kumi na moja jioni mama mzazi alifika kaunta, ameshikwa mkono na shahidi. Mshtakiwa alikuwa kwenye benchi. Pingu zilikuwa kwenye droo yangu. Alimwamkia mama yake kwa sauti ya chini. Mama akasema hasikii. Akarudia shikamoo, kituo kizima kikasikia, na mama akaitikia marahaba.