Mikono ya Anayerudi

Tandale, Dar es Salaam

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Mgongo umekuachia kidogo? Na Zuhura mdogo wangu, kikohozi kimeisha? Huku mimi mzima, nakula vizuri, joto la Tandale ndilo lile lile. Barua hii nampa mjomba aje nayo Newala, maana kwenye simu unaweka sauti kubwa na nyumba nzima inasikia. Isome peke yako.

Swali lako nimelipata. Baba amerudi kutoka Msumbiji, amefikia kwa shangazi, na kila jioni anakuja kukupigia hodi. Unaniuliza umfungulie au umwache huko huko. Nimelibeba swali hilo mpaka kazini.

Kazini nako kuna mambo. Mzee Kasimu ninayemtunza zamani alikuwa akiandika gazetini kuhusu sinema, ipi nzuri na ipi ya kupotezea nauli. Siku hizi presha ya macho imempofusha, anaona mwanga tu. Lakini zile sinema za ujana wake, zisizo na rangi, hajaziacha. Tukishakula mchana naweka flashi kwenye TV, yeye anasikiliza, mimi namweleza watu wanafanya nini. Na ulimi wake, mama, ni wembe. Za Hollywood anasema zimepigwa pasi mno: mtu anafiwa na nywele hazivurugiki, halafu muziki unakuamrisha ulie. Za Wajapani anazipenda kwa ukimya wao. Mwigizaji humpima kwa mikono. Anasema uso unafundishika, ila mikono ya mwongo haijui ikae wapi.

Juzi tuliweka ya Kiitaliano. Mume anarudi kutoka vitani, mke amesimama mlangoni, hakuna anayesema neno. Sasa mimi si unajua nimekulia kwenye kibanda cha video pale sokoni, ambako mtafsiri anawasemea watu wote, hata waliofumba midomo. Nikamsemea yule mwanamke: "Karibu mume wangu, pole na safari, chakula kipo."

Mzee akainua kichwa. "Kasema hivyo?"

"Hajasema, mzee. Ila ndo anachotaka kusema."

"Nani anataka? Yeye au wewe?"

Nikaisimamisha sinema.

"Hebu rudisha nyuma, binti. Niambie unachokiona. Unachokitaka kaa nacho."

Nikarudisha. Nikamwambia mume ameshika kofia kwa mikono miwili, anaizungushazungusha. Mke hajasogea, lakini mlango hajaufunga. Sinema ikaishia hapo. Nikamuuliza mzee kama yule mke alimpokea. Akacheka kidogo.

"Hollywood wangeshakumbatiana. Huyu mwongozaji katuachia mlango wazi. Enzi zile nilimponda gazetini, nikasema hajui kumaliza hadithi. Leo naona mie ndo nilikuwa na haraka."

Mama, nilikuwa nimekuandikia barua nyingine kabla ya hii, nakusihi umfungulie baba. Nimeichana. Iliandikwa na mtoto anayemtaka baba yake, na ninamtaka kweli, sikufichi. Aliondoka Zuhura hajaota meno. Lakini shangazi anakusemea, majirani wanakusemea, na mimi huku mbali nikiongeza yangu nitakuwa yule mtafsiri wa kibandani. Aliyelima mikorosho peke yake ni wewe, na mlango ni wako. Ukiufunga, mimi bado ni mwanao. Ukiufungua, vile vile.

Ila akija tena, usiwe na haraka. Mwache asimame kidogo, amalize maneno yake yote, halafu mtazame akiwa hana la kusema.

Bibi mwambie khanga yake nimeshainunua, anayo mjomba. Zuhura asiache shule kwa sababu ya mvua. Shangazi pia msalimie, hata kama amekuudhi.

Utakapoandika, usinieleze baba alisema nini. Maneno yake nayakumbuka, yalikuwa matamu siku zote. Niambie mikono yake ilikuwa wapi.

Mwanao anayekupenda,
Somoe