Talaka Moja kwa Kikopo Kimoja

Mpendwa binti ami,

Nakuita hivyo kwa kuwa ndilo jina pekee nililobaki nalo lisilo na utata. Mke wangu siwezi kukuita, nimekuacha. Mtalaka wangu sipendi kukuita, eda haijaisha. Lakini baba yako na baba yangu walinyonya ziwa moja, na hilo talaka hailigusi.

Uliagiza kwamba nikiwa na neno nisilifiche, niliweke hadharani kila mtu alisome. Haya. Naandika mbele za watu, mimi ambaye unanijua, hata nikinunua andazi hulifunika. Barua hii nimeituma na kwenye makundi ya simu ya familia zote mbili, ambazo ni familia moja, kwa hiyo wengi wataipata mara mbili. Na kwa kuwa wengine wanaosoma hawatujui, utanivumilia nikikusimulia mambo ambayo yalipotokea ulikuwepo.

Unakumbuka mchezo ulivyotuingia. Mgeni mmoja alileta simu dukani kwangu Darajani, kioo kimepasuka. Mimi ni fundi niliyejifunza kazi kwa kuharibu simu za watu wenye subira, na nikishatia kioo kipya huijaribu simu kwa kufungua chochote kilicho karibu. Nikafungua ramani, nikaikuta Unguja imejaa vidoti. Mgeni akanieleza. Dunia nzima wapo watu wanaoficha vikopo, wakatangaza mahali vilipo kwa namba za setilaiti, na watu wengine, ambao hawakuwakosea lolote, wanatoka majumbani mwao kwenda kuvitafuta. Ukikipata unatia jina lako kwenye kikaratasi kilichomo ndani, unakirudisha pale pale, unaandika kwenye simu kwamba umekipata, unakwenda zako. Nikamuuliza, zawadi yake nini. Akasema hiyo ndiyo zawadi. Nilimhurumia. Kisha nikaona kidoti kimoja kiko nyuma ya duka langu, na sikutulia mpaka nimekitia mkononi.

Mama yako alisema huo ni mchezo wa watu walioshiba. Jina lake la kizungu, jiokeshingi, hakuwahi kulitamka mara mbili namna moja. Wewe ulisema tu, "Twende."

Tukajiandikisha kwa jina moja, Mabinamu, kwa sababu simu yenye nafasi ilikuwa moja. Vifaa nilivinunua mimi, vilivyofanya kazi ni vya kwako. Mimi nilikuwa na kurunzi ya kufunga kichwani, glavu, na betri ya akiba nzito kama tofali. Wewe ulikuwa na kibano cha nyusi. Vile vikopo vidogo kama kidole, ambavyo karatasi yake husokotwa mpaka haitoki, ni kibano chako kilichovifungua vyote. Kurunzi yangu iliishia kutisha popo. Na siku ile kule Shangani niliposahau kalamu, wewe ukatoa wanja mkobani ukaandika jina letu kwa wanja. Aliyekuja baada yetu akaeleza kwenye simu kwamba karatasi ya humo ina maandishi meusi ya kupendeza sana, pengine ya kale.

Tulivyotofautiana ni katika adabu. Mchezo una adabu zake, nami nilizisoma zote. Mahali uliponyanyua jiwe, lirudishe. Ukichukua kitu kilichomo, weka chenye thamani ileile au zaidi. Chakula marufuku. Hii ya mwisho uliivunja mara moja, ukatia kashata, ukasema mgeni hapokewi kwa kifungo cha plastiki. Waliompokea mgeni walikuwa sisimizi.

Lakini adabu kubwa kupita zote ni kutoonekana. Mtu asiye mchezoni asijue unatafuta nini. Aliyeitunga kanuni hiyo, nadhani, hakuwahi kupita Kiponda. Vichochoro vya Mji Mkongwe kuta zake ni ndefu, setilaiti inakuona kidogo, inakupoteza, mshale wa simu unazunguka kama mtu aliyeulizwa deni. Na wewe umesimama, uso ukutani, simu mkononi, mbele ya baraza lenye watu wanaokunywa kahawa tangu asubuhi wasio na kitu kingine cha kutazama. Siku ile waliponikazia macho nikainama, nikajifanya nafunga kamba za viatu. Nilikuwa nimevaa makubadhi.

Ulicheka mpaka ukashika ukuta. Kisha ukawageukia wale wazee, ukawaamkia mmoja mmoja, ukawaambia, "Babu zangu, tunatafuta kikopo." Kufumba na kufumbua baraza zima liko mtaani. Mmoja kapanda juu ya tangi la maji la jirani, mwingine kamtuma mjukuu alete ngazi, wa tatu anasimulia nyumba ile iliuzwa na nani kwa nani. Kikopo kilipatikana ndani ya bomba bovu. Tukapewa kahawa. Mimi nilikunywa kama mtu aliyeibiwa.

Njiani nikakwambia tumevunja kanuni. Ukanijibu, "Kanuni ya kupita watu bila kuwasalimia? Hiyo nshaivunja tangu sijaota meno."

Basi ikawa hivyo, mwaka na zaidi. Mimi nanyemelea, wewe unaamkia. Kila tukipata, naandika kwenye simu maneno yaleyale, "Tumekipata sote wawili, alhamdulillahi," huku nikidhani nimekipata mimi.

Mpaka Mtoni.

Kile kikopo cha magofu ya Mtoni kilikuwa na sifa mbaya. Mtu ataandika hakipo. Anayemfuata ataandika kipo, tena kikavu, kizuri. Anayemfuata huyo, hakipo. Nikaamini kwamba ni ufundi wa hali ya juu, nikavaa kurunzi kichwani mchana kweupe, nikaanza kukagua kuta za jumba la kifalme jiwe kwa jiwe. Wewe ulisema una kiu. Ukaenda kwa mzee anayeuza madafu kando ya njia, nikawa nakusikia kwa mbali unamuuliza habari za watoto, habari za goti. Ulirudi na dafu langu mkono mmoja, na kikopo mkono wa pili.

Mzee alikuwa akikitia ndani ya gunia lake kila mvua ikinyesha, kisitote. Likitoka jua hukirudisha tunduni. Siku hiyo asubuhi ilikuwa imenyesha. Nikakuuliza, sasa mbona anawaacha watu wanahangaika naye anawatazama?

"Kasema hakuna aliyemsalimia."

Ningeyasikia maneno hayo vizuri siku ile, barua hii isingekuwepo. Mimi nikashika la kwangu. Kikopo ulichopewa mkononi hukukipata, umepewa. Wewe ukaandika kwenye simu, kwa jina letu, kwamba tumekipata kwa msaada wa mzee wa madafu, Mwenyezi Mungu amponye goti. Usiku ule nikayafuta. Kanuni inasema usitoboe siri ya mahali kilipofichwa, na gunia la mzee, kwa hesabu yangu, lilikuwa mahali.

Uligundua asubuhi, uko jikoni unasukuma chapati. Ukaja na kifimbo cha kusukumia.

"Umefuta dua ya mtu?"

Nikasema nimefuta siri ya mchezo. Ukasema jina ni letu sote, nilikuuliza? Nikasema adabu ni adabu. Ukanambia nisikusomeshe adabu mimi ninayewapita wazee kama nawapita mawe. Neno likavuta neno. Mwisho ukasema, "Basi nipe talaka yangu nende kwetu," nami, kwa tabia ya dukani, nikampa mteja alichoagiza. Moja. Chapati ziliungua zote.

Ukaenda Mkokotoni kwa baba yako, na aibu ikabaki kwangu. Kila mtu aliuliza sababu, na kila nikiitaja hakuna aliyeikubali. "Kwa kikopo?" Mama aliniuliza mara nyingi, kila mara kwa sauti ya chini zaidi. Wenzangu wa Darajani wakaona nimesitiri jambo zito, wakanitafutia mwanamke wa kuwa sababu. Walimpata. Anakaa Bububu, ana duka la vitambaa. Mimi simjui, lakini nimeshapewa salamu zake.

Nikaona nikiendelea na mchezo nitatuliza moyo. Nikaenda Kizimbani, shamba la viungo, peke yangu. Kidokezo kilisema kikopo kiko chini ya mti unaonukia. Kizimbani, binti ami. Nilinusa miti mpaka kichwa kikauma. Bi mmoja aliyekuwa akipalilia alinitazama muda mrefu, kisha akauliza kwa huruma kama nina mafua. Nikamwamkia, na kwa kuwa hapakuwa na uongo wowote wa kufaa, nikamweleza. Akasema, "Kama ni lile kopo la wageni, liko kwenye mdalasini ule. Wewe hapo umekumbatia mkarafuu."

Nikatia jina. Nikatoa simu, na kidole kikaandika kilichozoea: tumekipata sote wawili, alhamdulillahi.

Hayo ndiyo aliyoyasoma kaka yako Makame, akamsomea baba yako, na Ijumaa iliyofuata nikaitwa Mkokotoni. Nilikuta Ami kavaa kanzu ya Idi, na sheikh kando yake. Shauri lilikuwa moja. Mwanamume yumo ndani ya muda wa eda, kaandika kwa mkono wake, dunia nzima imesoma, kwamba yeye na mkewe walikuwa wote wawili. Je, kamrejea au hakumrejea?

Sheikh alitaka kwanza kuufahamu mchezo. Akauliza ndani ya kikopo mna mali? Nikasema hamna. Mna nini? Karatasi. Mnaifanya nini? Tunaandika majina. Kisha? Tunakirudisha. Akaomba maji ya kunywa. Alipokwisha kunywa akaniuliza nilipoandika maneno yale nilikusudia nini. Nikasema nilikusudia kuonesha nimefika. Akasema basi, neno bila nia halirejeshi mke, na eda ingali ipo, nina nafasi ya kufikiri. Ami alishusha pumzi. Sikujua kama ni kwa faraja au kwa hasara ya kanzu.

Ndipo sauti yako ikatoka nyuma ya pazia. Hukusalimia, nikajua bado una hasira. "Muulizeni huko Kizimbani nani alimwonesha."

Nikasema, Bi mmoja aliyekuwa akipalilia.

Kisha nikasikia wanawake wa ndani wanacheka, mama yako akiwa wa kwanza, na Makame akatazama dari. Na wewe, ambaye nilitaka sana nikusikie ukicheka, ukasema kwa sauti kavu, "Haya. Kama ana neno na mimi asinambie kwa simu wala kwa mtu. Aseme hadharani, kila mtu alisome. Nimechoka na mambo ya kufichwa."

Neno langu ni hili, na watu wanasoma.

Nyumba imenyamaza. Wateja wananiletea simu zao, nasikiliza kama zinaita, zinaita, hakuna anayeniita mimi. Uliyoyaandika ya Mtoni nimeyarudisha kama yalivyokuwa, pamoja na dua. Goti lenyewe nilikwenda kuliulizia. Mzee kasema halijambo, ila wewe umepotea. Nikamwambia wewe hukupotea, mahali ulipo panajulikana. Juzi nilikwenda Malindi, hapa hapa mjini, kutafuta kwa mtindo wako. Nikamwamkia kila mtu, nikakaa kila nilipoambiwa kaa, nikaeleza ninachotafuta. Kikopo sikukipata. Nimealikwa harusi mbili.

Sheikh kanifundisha kwamba kukurejea hakuhitaji ruhusa yako. Natamka neno, mashahidi wawili wanasikia, yamekwisha. Nimemshukuru kwa elimu. Lakini asubuhi ya pili yake sheikh atakuwa nyumbani kwake, na jikoni tutakuwa wewe na mimi. Kwa hiyo neno lenyewe silitamki hapa, ingawa mashahidi nnao wa kutosha, na baadhi yao nnawajua, watafika kwako kuuliza jibu kabla barua hii hujaimaliza. Nimelishika. Nakuuliza kwanza: nilitamke?

Ijumaa baada ya sala nitafika Mkokotoni. Nitashuka sokoni, nitakuja kwa njia ya mbele, polepole, kwa sababu naijua njia hiyo ina watu wangapi wa kusalimiwa. Ukiwa tayari, nitakukuta umevaa buibui, mzigo uko mlangoni. Usipokuwa tayari, sitauliza kwa nini. Nitakaa ukumbini kwa ami yangu, nitakula wali wangu na mchuzi wa pweza, hiyo ni haki yangu ya kuzaliwa, kisha nitarudi mjini.

Wasalaam. Ni mimi, mtoto wa ami yako kwa vyovyote vile, na mume wako ukitaka.