Chupa ya Ijumaa

Kakoba, Jumamosi

Yaya Orpa,

Nakusalimu wewe, dada yangu mkubwa, na batoto. Mihogo yetu ya huko kambini Nakivale imekomaa?

Huku nimejifunza chakula kipya. Mama Joanita, huyu mke wa askari ninayemfanyia kazi, Jumapili analowesha oti, ile nafaka ya uji wa wazungu, katika maziwa. Anagawa katika chupa, moja ya kila siku ya kazi, anaweka ndani ya frigo zikae baridi. Asubuhi hakuna kuwasha moto. Unakatia ndizi, unakula.

Juma la kwanza alinipa na mimi zangu tano. Jumatatu nilizikula zote, tumbo likaniuma. Akashangaa, "Apolline, njaa gani hiyo?" Nilicheka tu. Wewe unaijua ile sufuria ya maharage tuliyoiacha motoni siku tulipokimbia vita kule Fizi. Tangu siku ile sijaacha chakula kilale.

Lakini juma hili, yaya, Jumanne nilikula ya Jumanne. Jana nikafungua frigo, nikaikuta ya mwisho inaningoja. Nilikaa kitini, nikaila polepole. Ilikuwa Ijumaa, na mimi bado niko hapa, fasi ileile.

Mdogo wako aliyeshiba,
Apolline