Nimefungiwa Vishale kwa Mtindi wa Mama Mkwe

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na naomba uniwahi kabla mke wangu hajaazima gazeti hili kwa jirani, maana nikisomwa kabla sijajieleza nimekwisha.

Mimi ni kinyozi, mtu mzima, kitambi kinanitangulia mlangoni kama mgeni rasmi, na mchezo pekee ambao mwili wangu bado unaukubali ni vishale, ule wa kurusha vijishale kwenye ubao wa duara ukutani, kwa sababu hautaki mbio, unataka mkono uliotulia tu. Na wangu kwa miaka mingi haukutulia. Kwenye kunyoa hapana, wateja wangu wasiogope, ila nikisimama mbele ya ubao na watu wakanikodolea macho, kishale kilikuwa kinakwenda kutafuta ukuta, na kapteni wetu, ambaye ana bucha na ulimi wake ni kama visu vyake, alikuwa ananiweka akiba na kunituma maji ya kunywa.

Msimu huu, mshauri, mambo yakageuka, mkono ukatulia tuli, moyo ukawa unadunda polepole kama wa mtu aliyelala, nikitupa kishale kinaingia katikati kama kimeitwa kwa jina, wenzangu wakaanza kuniita Mkono wa Jiwe, na mimi nikaamini, nikasema kumbe kipaji changu kilichelewa tu njiani. Tukaingia fainali, tukabeba kombe, na kombe halijapoa mikononi wakaja watu wa kupima dawa za kusisimua misuli, nikaenda chooni na bwana mmoja mwenye kichupa ambaye kazi yake ni kukutazama unakojoa, nikamtania kwamba anajisumbua tu, misuli yangu haijasisimka tangu nioe.

Majibu yaliporudi walikuwa wamekuta dawa ya presha, ile ya kupunguza mapigo ya moyo, ambayo kwa sisi wa vishale ni marufuku siku ya mashindano kwa sababu inatuliza mkono. Nimesimamishwa, kombe limerudishwa kabatini kwa chama, nikishindwa kujitetea nafungiwa miaka miwili, na kilabuni Mkono wa Jiwe amezikwa, sasa naitwa Duka la Dawa.

Nikaenda kwa katibu wa kamati ya nidhamu, mama mmoja mpole mwenye miwani ya kamba, nikamwapia kwa viapo vyote ninavyovijua kwamba sijameza kidonge cha presha tangu nizaliwe. Akanisikiliza mpaka nikaishiwa, akasema, "Mwili ni wako, baba, na kilichokutwa humo ni chako. Kama hukukusudia, tuonyeshe kilivyoingia. 'Sijui' hatuipokei."

Na kweli nilikuwa sijui, mpaka wiki iliyopita, na hapa ndipo aibu inapoanza. Mama mkwe anaishi nasi, ana presha, na mke wangu tangu alipokiona kitambi changu kwenye picha za harusi ya mdogo wake ananilisha mboga za kuchemsha, wakati mama ana bakuli lake la mtindi kwenye friji, lina asali, limefunikwa kwa kisahani, na hakuna anayeligusa. Isipokuwa mimi. Mchana narudi kula, mke yuko kazini, mama amejipumzisha, nafungua friji, nachota kijiko kimoja, cha pili, nashtukia bakuli limebaki robo, basi nasawazisha juu kwa mgongo wa kijiko kwa ufundi wote wa kinyozi. Mama akaona linapungua, akasema ni paka, na mimi, mkwe wake mheshimiwa, nikaitikia, tena nikaongeza kwamba nimemwona kwa macho yangu akifungua friji kwa mguu. Paka akahamishiwa kwa shangazi wa mke wangu, ng'ambo ya mji, siku chache tu kabla ya majibu kutoka.

Sasa wiki iliyopita nimerudi asubuhi kuchukua mashine niliyoisahau, namkuta mama jikoni anaponda vidonge vyake kwa mchi na kuvikoroga kwenye ule mtindi. Kumbe hawezi kumeza kidonge, kinamkwama, na anaona haya kumwambia yeyote, hivyo anaponda vya siku nzima, nusu ya bakuli anakula asubuhi, nusu anaiacha ya jioni. Hiyo ya jioni ndiyo iliyokuwa kipaji changu.

Tangu majibu yatoke sijaigusa friji, hamu ilikata yenyewe, na nyumba nzima imepooza, hata mama, ambaye daktari alimwongezea dozi katikati ya msimu kwa sababu presha ilikataa kushuka, siku hizi analalamika kizunguzungu, juzi aliinuka kitini akarudi chini kama mzigo, mke wangu anasema ni huzuni ya paka. Kapteni ameniambia, "Sema ulitiliwa kwenye soda na wale tuliowafunga. Nani atabisha?" Na mimi naanza kuiona soda inafaa, kwa sababu nikisema ukweli nitahitaji mama awe shahidi, na nitasimamaje mbele ya mama aliyenipa binti yake niseme kwamba mwizi wa mtindi ni mimi?

Nishauri, nimekwama.

Duka la Dawa

*

Ndugu yangu Duka la Dawa,

Barua yako sikuimaliza kwa pumzi moja. Nilipofika kwenye kizunguzungu niliitupa mezani nikapiga namba uliyoandika nyuma ya bahasha, kwa hiyo yule mwanamke aliyekufokea Jumanne ukiwa umemnyoa mteja nusu kichwa ni mimi. Mwombe radhi mteja.

Wasomaji wengine niwaeleze nilikuwa nafokea nini. Daktari aliona presha ya mama haishuki, akampandishia dawa, hakujua kwamba sehemu yake ilikuwa inaondoka kwenda kurusha vishale. Halafu wewe ukaingiwa na woga, ukaacha kudokoa, na mama akaanza kuipata ile dozi kubwa yote peke yake. Huzuni ya paka haimwangushi mtu kitini, kaka. Presha ikishuka kupita kiasi ndiyo inayomwangusha. Uliandika kurasa nzima kuhusu kombe, na mama yako akapewa mstari mmoja.

Umenipigia tena ukanieleza kwamba mlikwenda hospitali siku ile ile, daktari amempunguzia dozi na kumbadilishia dawa, ya sasa ni ya maji, na kizunguzungu kimeacha. Hapo nakupongeza. Lakini umenieleza pia kwamba ulipomwambia daktari kuna mtu nyumbani alikuwa anaula mtindi huo, mama alikurekebisha, akasema, "Si mtu, daktari. Ni paka." Na wewe ukatazama dirishani. Hapo umeniudhi upya.

La soda liache leo. Kamati hiyo imeshasikia habari za soda, juisi na chupa za maji zilizojifungua zenyewe, na kila anayeleta hadithi hiyo anaulizwa nani, lini, na nani aliona. Utajibu nini? Utawasingizia watu ambao kosa lao ni kufungwa na wewe, kama ulivyomsingizia paka, na uongo ukikamatika, ile miaka miwili utaitamani.

Ukweli wako, kwa bahati yako, una miguu ya kusimamia. Daktari ana kumbukumbu kwamba presha ya mama ilikataa kushuka katika miezi ile ile mkono wako ulipotulia. Hakuna wakili atakayekupatia ushahidi mzuri kuliko huo. Omba cheti, na mama akubali kwanza, maana ni habari za mwili wake. Beba pakiti ya vile vidonge vya zamani. Beba na bakuli, kamati ilione. Halafu mama aseme alivyokuwa akiponda, na wewe useme ulivyokuwa ukisawazisha, bila kupunguza hata kijiko. Kombe lisahau, limekwenda, kwani hata dawa iliyoingia kwa bahati mbaya ilirusha vishale pamoja nawe. Adhabu yenyewe huenda ikapunguzwa. Usitegemee ifutwe, maana wataona, kama ninavyoona mimi, kwamba mchezaji anayekula kwenye bakuli la mgonjwa bila kuuliza ana uzembe wa kwake.

Ila kabla ya kamati kuna sebule. Leo jioni, mkeo akiwepo, kaa chini, si kwenye ukingo wa kiti kama mtu anayetaka kukimbia, umwambie mama: "Mama, mtindi nilikuwa nakula mimi." Halafu nyamaza, usianze kueleza habari za mboga za kuchemsha. Atakasirika, na ana haki, kwa sababu umeyachezea maisha yake. Lakini naye alikuwa na haya zake za vidonge, amejua jinsi mtu anavyoweza kuficha jambo dogo mpaka likazaa kubwa, na sidhani kama atakufukuza. Akikufukuza, nenda ukarudi kesho. Na mkeo akiri kwamba mboga za kuchemsha bila hata chumvi zilikuwa uchokozi. Hilo mwambie ni neno langu, si lako.

Kuhusu kipaji, utakijua siku utakayorudi ubaoni na mkono wako wenyewe, unaotetemeka. Ukikosa, utatumwa maji. Kazi ya kuleta maji unaijua.

Na kesho asubuhi, kabla hujafungua saluni, nenda ng'ambo ya mji kwa shangazi ukamrudishe paka. Katika kesi hii nzima ni yeye peke yake aliyefungiwa bila hata kupimwa.