Yaya Wilondja, Bakauliza Msiba wa Burundi

Yaya Wilondja,

Naanza na jina lako, mukubwa wangu, sababu kule kazini hakuna mwenye alilitamka wakati ulikuwa mzima.

Pale atelie ya kushona nguo ya Chilinde, siku ya kwanza tu, patron, mwenye kazi, alituita Burundi. We wa Fizi, mi wa Uvira, hakuna hata mumoja wa Burundi, lakini wote Burundi, juu hapa Malawi mukimbizi anaitwa hivyo, atoke wapi atoke. "Burundi, piga pasi. Burundi, hii kola imepinda." Mi nilikuwa naitika nikicheka. We haukugeukaga, mpaka mutu aje akuguse bega. Nikaona unajipa ukubwa. Nisamehe.

Unakumbuka siku ya kikao? Patron aliuliza nani iko na neno. Ukasimama na mita yako ya kupimia shingoni, ukasema polepole: "Barundi ni bandugu zangu, na kila mumoja iko na jina lake. Mi pia niko na langu." Patron akanigeukia mi. "We nawe, inakuumiza?" Nikajibu, "Hapana, bwana, ni masihara tu." Bantu bakacheka. Ukakaa, ukaendelea kushona. Jioni ukanikatia nusu ya mandasi yako, kama kila siku. Afadhali ungenitukana.

Homa ikakubeba haraka. Nilipigia atelie simu, na unajua nilisema nini? "Burundi amefariki." Kwa mdomo wangu mwenyewe, Yaya.

Na bakakuja kweli, bantu sita, na nguo za kanisa. Mama Chisomo, yule mwenye mashini yake iko karibu na yako, alibeba unga wa nsima, ugali wa hapa. Bakafika kambini Dzaleka, hapa Dowa, bakauliza: "Msiba wa Burundi uko wapi?" Bakapelekwa kwa Barundi. Kumbe kulikuwa msiba huko, wa bibi mumoja wa Bujumbura. Bakakaa, bakaimba, bakalia, mpaka jeneza lilipofunguliwa, bakaona si we. Bakatutafuta tena, na balipotufikia, tulikuwa tumeshafukia kaburi. Mama Chisomo akasoma msalaba. "Kumbe hili njo jina lake?" Alikaa karibu na we miaka mine.

Jumatatu nilisimama kazini mbele ya bote. Nikasema jina lako, nikasema langu, nikasema kwenye kikao nilidanganya na iliniumiza siku zote. Patron akasema hakuwa na ubaya, kila mutu anasemaga hivyo. Nikamwambia najua, hata mi nilisema. Mama Chisomo akachukua chaki, akaandika jina lako kwenye mashini yako. Bado anasema "Wirondja". Anajaribu.

Lakini jana, sokoni, mutu aliita "Burundi". Hakuwa ananiita mi. Kichwa changu kikageuka chenyewe, na nilisikia haya mpaka nikaacha nyanya nilizochagua.

Pumzika, Yaya. Udongo wa Dowa usikulemee. Hiki kichwa nitakifundisha, hata kikichukua miaka. Wenye kunitaka baje baniguse bega.

Mdogo wako,
Kashindi