Mama, Rudisha Sukari Nyumbani

Chiwanda

Mama yangu, shikamoo. Na kabla hujasoma zaidi, mpelekee baba shikamoo yake, ile niliyomnyima siku naondoka. Kifua chako kinaendeleaje na baridi ya Matiri? Mimi mzima, ila joto la huku ziwani si la mchezo. Nakula samaki mbasa kwa ugali wa muhogo, nakumbuka maharage yako hadi machozi yananilenga.

Mama, sikiliza. Juzi mwalimu mkuu wetu, mtu wa Tanga, mtu wa swala tano, aliingia ofisini anatetemeka, jasho linamchuruzika, ulimi mzito. Akanitukana mbele ya walimu wenzangu! Tukatazamana: leo mzee kalewa. Mara mkewe akaja mbio na kikombe cha maji ya sukari, akamnywesha. Haukupita muda akatulia, akauliza, "Jamani, nimesema nini?" Kumbe ana kisukari kama baba.

Nikashangaa, mgonjwa wa sukari apewe sukari? Mganga wa zahanati akanieleza. Vile vidonge vya kisukari vinashusha sukari mwilini, uwe umekula au hujala. Ukimeza halafu ukashinda njaa, au ukafanya kazi ngumu, inashuka kupita kiasi. Ubongo unakosa nguvu, mtu anatetemeka, anakuwa mkali, anaongea ovyo. Asiposaidiwa anazimia, hata kufa anaweza.

Mama, hapo hapo mawazo yalirudi nyumbani. Niliikumbuka Ijumaa ile ya Kwaresima niliyohamia huku. Baba alimeza vidonge vyake, akafunga, akaenda shambani kukata nyasi za mashimo ya ngoro tangu alfajiri. Aliporudi anayumba na kufoka, nikamwambia, "Baba, hata Kwaresima umeshindwa kuacha pombe?" Nikabeba sanduku langu nikaenda kusubiri lori bila kumuaga. Uliniandikia kwamba ulimpa uji akatulia, nami nikasema pombe imemtoka. Baba hakulewa, mama. Alikuwa hatarini mbele ya macho yetu, na mimi namsuta!

Najua sukari uliiondoa nyumbani kwa kumpenda baba. Ajabu, enzi za uhaba na foleni uliificha kwenye mkebe uvunguni kwa ajili ya wageni. Leo imejaa kila duka, na kwetu hakuna hata punje. Irudishe. Baba akianza kutetemeka, mkorogee vijiko vitatu kwenye maji anywe, kisha ale. Akizimia usimmiminie kitu mdomoni, akimbizwe hospitali. Vidonge asiache, ila aende Mbinga amuulize daktari habari za kufunga. Padri hatamlazimisha mgonjwa.

Nawakumbuka mno. Jioni nikitazama milima kule juu, natamani hata moshi wa jiko lako. Nisalimie shangazi mkunga, na kaka, mwambie asimwache baba shambani peke yake.

Dereva wa lori la samaki nimempa kilo mbili za sukari. Itie kwenye ule mkebe wa wageni, uuweke karibu na kitanda cha baba. Akiuliza imetoka wapi, mwambie imetoka kwa yule binti aliyeondoka bila kumuaga.

Mwanao anayewalilia,
Skolastika