Mariamu Hakumuua Samweli

Shamba la mkonge, Tanga

Mama yangu,

Shikamoo. Miguu inaendeleaje? Mtama mmeshavuna, au ndege wamewatangulia? Mimi nakula na kazini nakwenda, lakini kusema ni mzima siwezi.

Siku tulipomzika mdogo wangu uliniuliza, "Elia, homa ya siku moja inamuuaje kijana mwenye nguvu kama Samweli?" Nikanyamaza. Ndipo baba mdogo akasema mbele ya watu kwamba Mariamu ndiye amemla mumewe. Mkamfungia nguo zake, akarudishwa kwao Sepuka, mtoto mgongoni. Nilimwona akiondoka, bado nikanyamaza. Kwenye simu sauti inanikatika, ndiyo maana naandika.

Samweli alipoanguka na pikipiki huku, tuliwaambia amepasuliwa tumbo na amepona. Hatukuwaambia kuwa walimtoa bandama, maana ilikuwa imepasuka. Daktari alituketisha wote wawili. Alisema mwili hujikinga kwa kutengeneza kingamwili, na mara nyingi seli zinazozitengeneza husubiri kusaidiwa na seli nyingine, zinaitwa seli T. Lakini kuna bakteria waliojifunika ganda la sukari, na ganda hilo seli T haziwezi kulitambua. Hao hushughulikiwa na seli za kwenye bandama. Zenyewe hutengeneza kingamwili upesi, bila kungoja msaada.

"Kinga hiyo kwako imeondoka na bandama," akamwambia Samweli. "Ukisikia homa, hata kidogo, njoo saa hiyo hiyo."

Akamwandikia na chanjo. Tukawa tunasema wiki ijayo, wiki ijayo.

Asubuhi ile nilimkuta anatetemeka. "Kaka, nasikia baridi. Daktari si alisema..."

Nilikuwa nimeshashika panga la kazi. Nikamwambia, "Malaria hiyo. Meza panado ulale, nikirudi tutaona."

Mama, nilikuwepo daktari alipoongea. Nilisikia yote.

Niliporudi saa tisa alikuwa anaweweseka, midomo imekuwa myeusi, mimi ananiita baba. Hospitali walimwekea dawa kwenye mshipa, lakini bakteria walikuwa wameshaenea kwenye damu. Daktari akauliza, "Homa imeanza lini?" Nikasema asubuhi. Jua lilikuwa halijazama Samweli alipokata roho.

Hakuna aliyemroga. Mwite baba mdogo na ukoo wote, mchungaji awasomee barua hii, wala asiruke jina langu. Halafu mwende Sepuka mkamwombe Mariamu msamaha. Mimi nilimpigia, aliposikia ni mimi akakata simu.

Kuja nyumbani sijui nitakuja na uso gani. Usiku silali, na mchana watu wakiniuliza habari ya ndugu yangu nageuza njia. Ukiona huwezi kunijibu, nitaelewa.

Msalimie shangazi aliyetupikia msibani. Msalimie baba mdogo, ingawa akishasikia haya huenda asizitake salamu zangu. Na mtoto wa Samweli, mkimpata, mbebe kwa ajili yangu.

Mwanao aliyebaki,
Elia